Masale Kwenye Makopo ya Rangi

Kitu cha kwanza alichokiona Susana walipofika kona ya kwao Kimandolu, yeye na mumewe, wakitoka msibani Machame, hakikuwa nyumba yake. Yalikuwa masale yake, ile mimea ya mpakani yenye majani marefu, na yalikuwa kwa jirani.

Yamepangwa mstari mmoja mbele ya geti la Arnold, kila sale ndani ya kopo tupu la rangi lililopakwa chokaa nyeupe, udongo umelowa maji, majani yamepanguswa vumbi. Utasema masale yote yanafanana. Haya, kamwambie hivyo mwanamke aliyeyapalilia tangu akiwa bibi harusi. Susana aliweka kikapu chake chini palepale barabarani.

"Baba Evelyn," alisema, "unaona ninachokiona?"

Elirehema, mumewe, alishaona. Ni fundi seremala, mtu wa maneno machache, na siku hiyo hata hayo machache yalimwishia. Alipita pembeni ya nyumba kwa haraka mpaka kule nyuma, mpakani, na mkewe akamfuata akiwa amesahau kikapu.

Mpaka ulikuwa mweupe. Kichaka kizima cha masale, kilichoanzia barabarani hadi kwenye migomba, kilichopandwa na mama yake Elirehema enzi Kimandolu bado ni mashamba ya kahawa, hakipo. Udongo umelimwa, umesawazishwa, umefagiliwa kwa ufagio wa chelewa hadi michirizi inaonekana. Jamani, kama ni usafi, ulikuwa usafi kweli. Hata kuku hakuwa na mahali pa kuparua.

"Yesu wangu," Susana alisema, akakaa chini. "Mtoto yuko wapi?"

Watu wa mtaa hawakujua habari ya mtoto, na hilo ndilo lililoleta balaa lote. Kabla ya kumpata Evelyn, Susana alimzaa binti mwingine, akakaa wiki chache tu, akaondoka hata hajabatizwa. Elirehema alimzika mwenyewe pale mpakani, akaweka mawe ya mtoni juu yake, na mama yake akachomeka sale kama wafanyavyo Wameru na Wachaga wote mahali alipozikwa mtu. Msalaba haukuwekwa. Bibi yule akakataza pia mtoto atakayefuata asisimuliwe, asije akakua na kivuli cha mwenzake. Basi hawakusimulia. Sale likazaa masale, yakaungana na yale ya mpaka, na kati yao alikuwa mmoja ambaye Susana alimsalimia kila alipopita kwenda kukata majani ya ng'ombe.

*

"Mama Princess! Mama Princess, toka!" Susana aliita akiwa getini kwa Arnold.

Hedwiga, mke wa Arnold, alitoka na kanga kiunoni na mikono ina unga. Ni mwanamke wa Rombo, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, mcheshi, na hadi mchana huo alikuwa anaazimana na Susana hata chumvi.

"Mama Evelyn, mmerudi! Poleni na msiba. Karibu..."

"Usinikaribishe. Nani amekupa ruhusa ya kung'oa masale yangu?"

Hedwiga alitazama makopo, akamtazama Susana. "Jana si ilikuwa siku ya usafi? Kikundi kimefanya kazi kubwa, wewe hukuwepo tu. Wakaguzi wa kata wanakuja wiki ijayo, mtaa wetu unashindanishwa. Kona hii ndiyo wataiona kwanza, ndiyo maana yakawekwa hapa. Makopo ni ya dukani kwa mume wangu, lakini masale aliyaleta binti yako."

"Binti yangu?"

"Evelyn, ndiyo. Kayaleta na toroli. Mimi nikamwambia, mama yako anajua? Akasema mama atafurahi."

Susana alicheka kicheko kibaya. "Mama Princess, wewe ni Mchaga. Ungeniambia ni mtu wa Tanga nimsamehe, hajui sale ni nini. Wewe unajua. Mchaga gani anapokea sale la mpakani mwa mwenzake analiweka getini kama ua? Mmetaka mpaka usionekane. Halafu unamsingizia mtoto!"

Watu walishaanza kusogea. Jumapili mchana mtaani hakuna burudani nyingine. Na kwa bahati mbaya kabisa, Evelyn mwenyewe akatokea, anatoka mazoezi ya kwaya, amevaa ile fulana ya kijani ya kikundi imeandikwa KIMANDOLU ING'AE.

Evelyn amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo, na katika kusubiri huko alikuwa ameanzisha kikundi hicho na wenzake, yeye akiwa katibu. Walizibua mifereji, walichoma taka, walipaka chokaa miti. Na lile eneo la nyuma ya kwao lilikuwa linamtia aibu kila walipokutana, kwa sababu wapita njia walilifanya jalala: pampasi zilizotumika, chupa, mifuko ya maganda. Chalii mmoja, kijana mwenzake wa kikundi, aliwahi kumtania mbele ya wote, "Katibu, taka za kwenu tunazifumbia macho au?" Basi Jumamosi wazazi walipokuwa msibani, wenzake walishika barabara, yeye akashika kwao peke yake. Aling'oa siku nzima. Masale mazuri akayachagua akayapanda kwenye makopo, mabovu akayatupa kwenye gari la taka. Alitegemea kupongezwa.

"Evelyn," mama yake alimwita, na sauti ile Evelyn hakuwahi kuisikia. "Njoo hapa. Sema mbele ya watu. Ni wewe uliyeng'oa masale ya bibi yako ukampa huyu mama?"

Evelyn aliona watu wote wale. Angekuwa ameulizwa jikoni, angesema ndiyo.

"Hapana, mama."

"Evelyn!" Hedwiga akapiga makofi kwa mshangao. "Mwanangu, mimi unanifanyia hivyo?"

"Sijui, mama Princess," Evelyn alisema akitazama viatu vyake. "Mimi nilikuwa upande wa barabara."

"Umesikia?" Susana alimgeukia jirani yake. "Umesikia mwenyewe?"

Wale machalii wa kikundi walikuwa wamesimama hapohapo, na wote walijua. Lakini nani anataka kuingia katikati ya wamama wawili? Mmoja alikumbuka simu yake inaita, mwingine akakumbuka ametumwa mkate. Wakatawanyika.

*

Ndani ya nyumba mashaka yalihama kiti.

"Uliniharakisha sana twende msibani," Susana alimwambia mumewe jioni ile, akimenya ndizi kama anazikomoa. "Tangu Ijumaa. Mimi nikasema tuende Jumamosi alfajiri, wewe ukasema hapana, Ijumaa."

"Marehemu ni mjomba wako, Susana."

"Ndiyo. Na hukuwahi kumpenda."

Elirehema aliweka kikombe chini. "Sema unachotaka kusema."

"Arnold anajenga ukuta. Anataka njia ya gari yake. Na wewe mbao unazichukua dukani kwake kwa mkopo. Nakuuliza kama mke wako: umemuuzia ule upande?"

Mtu akiambiwa hivyo na mkewe afanyeje? Elirehema ni mzee wa kanisa, ndiye anayeshika sadaka Jumapili. Aliinua mikono yake, akasema polepole, "Nilimzika kwa mikono hii. Unafikiri ningeuza?"

"Basi nionyeshe yuko wapi."

Elirehema alitazama mlango wa nyuma.

"Nionyeshe, Baba Evelyn."

"Palikuwa na mti wa kahawa," alisema. "Hatua chache kutoka kwenye mti huo. Lakini mti tuliukata. Na choo cha zamani tulikifukia. Nilikuwa natazama lile sale, Susana. Miaka yote hii nimetazama lile sale. Sikuweka alama nyingine kichwani."

Susana alikuwa na neno kali mdomoni, akalimeza, kwa kuwa hata yeye alikuwa anatazama sale lilelile. Waliketi hapo na zile ndizi hadi moto ukazimika.

Evelyn alikuwa chumbani na vitabu, redio ya jirani inaimba. Alisikia sauti zao, hakusikia maneno. Alijiambia: masale tu. Watakasirika siku mbili, watapoa, nitawaambia.

*

Jumatatu ikaja kamba.

Mtaa ulikuwa umekubaliana tangu mvua za mwaka jana, zilizoingiza maji hadi vitandani mwa watu, kwamba utachimbwa mtaro kutoka barabarani mpaka kwenye kalvati la bondeni. Makubaliano yalikuwa upite upande wa Arnold wa masale, kwa kuwa kwake ndiko kwenye mteremko, na Arnold mwenyewe aliridhia mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Sasa mwenyekiti huyo, Stanley, alifika na vijana wake na kamba ya katani. Wakatafuta masale ya kufuata, hawakuyaona. Wakafanya kama ambavyo mtu yeyote angefanya: walifunga kamba barabarani, wakaivuta ikanyooka mpaka kalvatini. Iliponyooka, ikawa imeingia ndani kwa Elirehema, juu kabisa ya ule udongo uliofagiliwa.

Arnold alikuwa amesimama kwenye msingi wa ukuta wake mpya. Aliiona kamba ilivyolala. Alijua vizuri kabisa mpaka ulikuwa wapi. Tusimfanye malaika: aliona, akakuna kidevu, akanyamaza. Alijiambia kamba si yake na mtaro si wake. Mtu akitukanwa mke wake Jumapili, Jumatatu hana haraka ya kumsaidia aliyemtukana.

Susana alitoka na mwiko mkononi.

"Ahaa," alisema. "Sasa nimeelewa. Usafi! Kumbe usafi wenyewe ndio huu."

"Mama Evelyn, shida nini?" Stanley aliuliza.

"Muulize mwizi aliyesimama pale juu ya msingi."

Dukani kwa Arnold, pale konani anapouza saruji na misumari, kulikuwa na wateja. Waligeuka wote. Arnold alishuka msingini taratibu.

"Umeniita nani, mama?"

"Mwizi. Umengoja niende kuzika mjomba wangu, ukang'oa mpaka, ukavuta mtaro kwangu. Nimekuita mwizi, na nitakuita tena Jumapili kanisani kama utataka kuja kusikia."

"Mimi ni Mkatoliki," Arnold alisema, maana mtu akichanganyikiwa husema chochote. Mteja mmoja akacheka. Hicho kicheko ndicho kilichomuuma Arnold kuliko lile neno. Wiki ile watu walianza kuvuka barabara kununua misumari upande wa pili, si kwa kumchukia, ila nani anataka kuonekana anacheka na mtu wa kesi?

*

Kesi yenyewe ilikaliwa Ijumaa uani kwa Stanley, kwenye mabenchi ya kuazima. Evelyn hakuwepo, alikuwa mjini kwenye mafunzo ya kompyuta. Na hapo ndipo Elirehema aliposimama, kofia mkononi, akasema neno ambalo hakuwahi kulisema nje ya nyumba yake.

"Pale mpakani pana mtoto wangu. Naomba mtaro usipite juu yake."

Hedwiga alishika rozari yake shingoni. Arnold aliinua kichwa.

"Pole sana, mzee," Stanley alisema. Si mtu mbaya, ni mtu mwenye mtaro. "Kaburi lina msalaba?"

"Hapana. Lilikuwa na sale."

"Lipo upande gani hasa? Kwa sababu, mzee wangu, ukinionyesha mahali, tunakwepa. Mtu hawezi kuchimba mtu. Lakini kukwepa urefu wote hatuwezi, kuna msingi wa jirani, na mvua zinakuja. Twende utuonyeshe."

Wakaenda wote. Elirehema alitembea kwenye ule udongo mwepesi, akasimama, akarudi nyuma, akasogea kushoto. Alichuchumaa akashika udongo. Alinyanyuka akaenda mbele kidogo. Watu wanamtazama, yeye anaona wanavyomtazama. Mwisho akasimama katikati ya shamba lake mwenyewe, akasema, "Ni hapa karibu."

"Karibu wapi, mzee?"

"Hapa. Sina hakika."

Nyuma ya watu mtu alinong'ona, na alinong'ona kwa nguvu: "Kaburi limeota baada ya kamba." Mwingine akajibu, "Wanatafuta fidia hao." Elirehema alisikia. Alivaa kofia yake akaingia ndani bila kuaga, na Susana, ambaye angeweza kuwajibu wote kwa mkupuo, akamfuata. Alikuwa anamwonea huruma mwanaume yule, na Jumapili tu alikuwa amemwita muuzaji wa mtoto wake.

Stanley akaamua: Jumamosi asubuhi wanachimba.

*

Maneno ya mtaani hayakawii. Evelyn alishuka kituoni jioni ileile, akakutana na chalii mmoja wa kikundi anauza vocha.

"Katibu, wazazi wako ni noma. Wametunga kaburi."

"Kaburi gani?"

"La mtoto. Eti kuna mtoto kazikwa kwenye masale. Mtaa mzima unacheka."

Evelyn hakucheka. Alitembea hadi nyumbani kwa haraka ya ajabu. Mama yake alikuwa nje kwenye bomba, anakinga maji.

"Mama, shikamoo. Ni kweli mlizika mtoto?"

Susana alifunga bomba. Alimtazama binti yake, mrefu sasa kuliko yeye. Ahadi aliyompa mama mkwe wake aliiona haina maana tena, maana kesho asubuhi sururu zingefika.

"Ulikuwa na dada," alisema. "Alikutangulia. Alikuwa na nywele nyingi kama zako, na alikuwa hapendi kulala chali. Aliumwa, tukampeleka hospitali, tukarudi naye kwenye kanga. Mchungaji hakuwa amembatiza bado, kwa hiyo hatukuweka msalaba. Baba yako alichimba mwenyewe. Alikwenda kwao Nkoaranga akaleta mawe ya mtoni, yale meusi laini, akayapanga juu yake mbwa wasifukue. Bibi yako akachomeka sale."

Evelyn hakuwa anamtazama mama yake. Alikuwa anatazama chini ya bomba.

Ndoo ilikuwa imekaa juu ya mawe meusi, laini, yaliyopangwa vizuri ili isichafuke tope. Susana alikuwa ameyaona tangu Jumapili. Wiki nzima alikuwa anakinga maji hapo, anaweka ndoo, anaoshea miguu, na katika hasira zake zote alifikiri tu kwamba angalau mtu amemtengenezea bomba.

"Mama," Evelyn alisema. "Sale moja lilinisumbua. Jembe liligonga mawe. Nikayatoa nikasema haya yatafaa bombani. Ni mimi, mama. Masale yote ni mimi. Mama Princess alisema kweli."

Susana hakupiga kelele. Hakumpiga. Aliinama, akainua ndoo iliyojaa kutoka juu ya mawe, akaiweka pembeni kwenye tope, polepole, maji yasimwagike. Kisha akapiga magoti akaanza kuyapangusa yale mawe kwa kitenge chake.

"Unapakumbuka?" aliuliza.

"Napakumbuka. Nilipumzika hapo. Nilikaa hapo nikanywa maji."

"Uliona kitu kingine?"

"Hapana mama. Sikuchimba chini. Nilisawazisha tu."

Susana alipumua. Alilia sasa, na alilia kwa mambo mengi kwa pamoja: kwa mtoto wa kwanza, kwa huyu wa pili, kwa mumewe pale shambani na kofia mkononi, na kwa lile neno mwizi ambalo lilikuwa bado linatembea mtaani kwa miguu yake.

"Kesho utasema," alimwambia binti yake. "Si kwangu. Mbele ya haohao uliowaambia hapana."

*

Jumamosi watu walikuwa wengi, wenye sururu na wasio na sururu. Evelyn alivaa gauni la kawaida, fulana ya kijani aliiacha ndani. Stanley alipoinua mkono vijana waanze, akaingia mbele ya kamba.

"Subirini," alisema. "Masale niling'oa mimi. Baba Princess hakuhusika. Mama Princess aliniuliza kama mama anajua, nikamdanganya. Na Jumapili nilidanganya mbele yenu wote. Niliona aibu."

Mtu mmoja aliguna.

"Na kaburi lipo. Sikujua. Mawe yake niliyatoa mimi mwenyewe." Alitembea hatua chache kwenye ule udongo mweupe, hakusita, hakurudi nyuma. Akasimama. "Ni hapa."

Elirehema alikuwa amebeba mawe kwenye karai. Alisogea, akachuchumaa, akapekua udongo kwa vidole. Chini kidogo vidole vyake vilikuta jiwe moja ambalo Evelyn hakulifikia, jeusi, laini. Akaliacha palepale. Akafunika uso kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akaupeleka nyuma, akamtafuta binti yake, akamshika mguu. Yule aliyenong'ona habari ya fidia alikuwa wa kwanza kuvua kofia.

Susana hakubaki hapo. Alizunguka nyumba, akatoka barabarani, akaenda moja kwa moja getini kwa Arnold. Arnold alikuwa amesimama kizingitini na mkewe, wamesikia kila kitu. Watu wakafuata, kwa kuwa walishajua hili halijaisha.

Na hapa ndipo penye ugumu. Mchaga au Mmeru, akimkosea mwenzake jambo zito, haendi mikono mitupu na samahani ya mdomoni. Anakwenda na jani la sale, amelifunga fundo. Ukiletewa sale unasamehe, hata kama umeuliwa ndugu. Lakini Susana sale angelitoa wapi? Kwake halikubaki hata moja. Yote yalikuwa hapa, kwenye makopo, getini kwa mtu aliyemwita mwizi. Kukata bila kuomba kungekuwa wizi kweli.

"Baba Princess," alisema. "Naomba jani moja la sale."

Arnold alijua. Hedwiga alijua. Kila Mchaga na Mmeru barabarani hapo alijua.

"La nini?" Arnold aliuliza hata hivyo. Alikuwa na wiki nzima ya kukaa dukani peke yake, na alitaka lisikike.

"La kukuletea wewe."

Alimwacha asimame. Si kwa muda mrefu, lakini Susana aliona ni mrefu: macho ya watu mgongoni, mikono imening'inia, hana pa kuiweka. Kisha Arnold aliinama, akachagua jani refu, zuri, akalikwanyua kutoka kwenye kopo, akampa. Susana alilifunga fundo. Fundo la kwanza lilifunguka, ikabidi arudie. Akalishika kwa mikono yote miwili, akamrudishia aliyempa.

"Nimekuita mwizi. Nimemwita mkeo mwongo. Nisameheni."

Arnold alilipokea. Alilitazama lile fundo, na badala ya kujisikia mshindi alijisikia vibaya. "Mama Evelyn," alisema kwa sauti ya chini, "kamba niliiona. Siku ile ya Jumatatu. Nilijua mpaka ulipo, nikanyamaza." Akaligeuzageuza jani mkononi. "Kwa hiyo hili tugawane."

Hedwiga alishapita katikati yao akamshika Susana mabegani, wote wawili wanalia na kupigana vibao vya mgongo. "Mjinga wewe," Hedwiga alikuwa anasema. "Wiki nzima sijapata mtu wa kumwazima chumvi!"

Halafu likaja swali. Sale la mtoto ni lipi? Evelyn alipita kwenye kila kopo, akagusa, akanusa udongo, akatikisa kichwa. Yote aliyapaka chokaa ileile. Na huenda halimo, huenda lilikuwa baya akalitupa, likaenda na gari la taka. Alisema hivyo hivyo, bila kujificha.

"Basi bebeni yote," Hedwiga alisema.

Wakayabeba, machalii wa kikundi wakiwa mbele, kila mmoja na kopo kifuani, wakayapanda upya kuzunguka kaburi. Arnold alibeba mawili. Kisha akachukua sururu mwenyewe, akaenda kuvunja kona ya msingi wa ukuta wake ili mtaro upate pa kupita.

*

Wakaguzi wa kata walikuja na faili na miwani. Konani hapakuwa na kitu cha kutazama ila duka na makopo matupu yaliyorudishwa. Walikagua miti, wakakagua majalala, wakafuata mtaro mpya kutoka barabarani. Ulikuwa umenyooka vizuri, hadi ulipofika nyuma kwa Elirehema. Hapo ulikunja ghafla, ukaingia kwa Arnold, ukakizunguka kichaka kidogo cha masale yaliyonyauka, kisha ukarudi kwenye mstari wake.

"Mbona mmepindisha hapa?" mama mkaguzi aliuliza. "Hamkuwa na kamba?"

Stanley alitazama juu mlimani. Elirehema alifungua mdomo, lakini Arnold alimtangulia.

"Kamba ilikuwepo, mama. Tumempisha mtu."

"Mtu gani?"

Arnold alimgeukia Susana, akamwachia. Susana alikuwa hajawahi kulitaja jina hilo mbele za watu. Evelyn mwenyewe alikuwa hajalisikia, wala hakuthubutu kuuliza.

"Elinami," Susana alisema. "Mwanangu wa kwanza."

Mama mkaguzi alishusha miwani. Hakuandika kitu. Alifunga faili, akashika sketi yake, akazunguka kwa nyuma ya masale ili asimkanyage.